Siku Niliyokataa Kuketi

Mmenisumbua miaka na miaka na hicho kinu chenu cha nyuklia. Mtu anakuja na kamera, anakanyaga vitunguu vyangu, anauliza, "Bibi, uliuona moto?" Sikuuona. Nilikuwa nimelala. Safari hii mmeniachia karatasi, mimi wa darasa la nne, basi nitaandika ninachotaka mimi.

Habari za kinu ni hizi tu. Mume wangu Trokhym alikuwa fundi bomba pale. Alisema wakubwa walitaka kuujaribu mtambo usiku, wakazima vyombo vya kuuzuia, ukawaponyoka, ukalipuka. Siku chache baadaye mabasi yakaja kijijini. Tukaambiwa ni siku tatu, tuchukue vyeti tu. Kwetu mtu hasafiri mpaka wote waliomo nyumbani waketi kidogo, kimya, ili njia imrudishe. Siku ile askari walitukimbiza, hakuna aliyeketi. Siku tatu zikawa mwaka. Trokhym walimrudisha kuzoa vifusi, akafa. Mimi na wifi yangu Paraska, dada yake, tukarudi kwa miguu kupitia msituni, na mbegu za viazi mgongoni.

Wazee wengine kumi walirudi pia. Tumewazika mmoja mmoja, tukabaki wawili. Tuligombania chumvi, tukagombania kuni, tukagombania nani alimjua Trokhym zaidi.

Mwaka jana, wiki moja baada ya Pasaka, binti wa Paraska, Olesya, alikuja kutoka Kyiv, kama wanavyokuja wote siku hiyo kula na wafu wao. Tukatandika kitambaa kaburini kwa Trokhym, mayai, mkate, uyoga wangu wa chumvi. Olesya akatoa kipima mionzi, akakielekeza kwenye uyoga. Kikalia.

"Kitie mfukoni," nikamwambia. "Watu wanakula."

"Mama nahama naye leo, magoti yamemwisha. Mkazamjomba, nawe twende."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Mimi si njiwa."

Paraska akanitazama. "Wifi, ukiniambia nibaki, nabaki."

"Nani ana shida nawe? Unakoroma mpaka nakusikia kwangu."

"Heri mimi nakoroma. Wewe unagombana na sufuria."

Mizigo ikafungwa. Ndani kwake Paraska akaketi kwenye benchi, Olesya akaketi, hata dereva aliyemleta. Mimi nikasimama kando ya jiko. Nilijiambia, nisipoketi hawatathubutu kuondoka.

"Keti, wifi."

"Mgongo unauma."

"Keti basi, jua linashuka."

Sikuketi. Paraska akashika mkongojo, akainuka. "Haya. Nitaondoka kama siku ile ya mabasi."

Gari lilipokwisha kupinda ndipo akili ikanijia. Kutoketi hakumzuii mtu kwenda. Kunamzuia kurudi.

Majira yote ya baridi niliwasha majiko mawili, langu na lake, nyumba yake isipasuke kwa barafu. Asubuhi nyayo zote kwenye theluji ni zangu. Simu hapa haishiki. Siku nyingine jioni inafika sijafungua mdomo, nalijaribu jina lake, nione kama sauti ipo.

Mmepata mlichotaka. Sasa zamu yenu. Nenda Kyiv, ghorofa ya saba, Olesya anwani yake nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Mwambie Paraska nimesema abaki. Najua nimechelewa, wewe mwambie hivyo hivyo. Usiseme nimeomba. Kisha umlete. Kiti cha nyuma kwenye gari lenu ni kitupu, nimekiona.