Bi Stesheni Abomoa Alichokijenga

Saa tatu asubuhi anafuta saa ya ukutani. Dakika tano baadaye anafuta dirisha la tiketi. Kila akiondoa kitu kimoja, kompyuta inamletea maandishi mekundu kwamba kitu kingine kimekwama. Anashika tama, anaguna, kisha anaanza kukitafuta.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mjenzi wa mandhari katika kampuni ndogo ya kutengeneza magemu. Kwa miezi kumi na minne amekuwa akijenga stesheni ya treni ndani ya gemu linalotoka Ijumaa hii, mpaka wenzake wakambandika jina la Bi Stesheni. Gemu linatoka kweli. Stesheni haimo.

"Wewe niulize kwa nini," anamwambia mwandishi wa makala haya, macho yakiwa kwenye skrini. "Halafu ukijua, uniambie na mimi."

Ofisi hii ina utaratibu wake. Kazi ikikatwa, anayeifuta ni yuleyule aliyeitengeneza, maana ndiye anayejua kipi kimeshikana na kipi. Ukichomoa mlango hovyohovyo, unaweza kukuta hospitali ya upande wa pili wa mji haina paa. Kwa hiyo anabomoa kwa mkono wake mwenyewe, ukuta baada ya ukuta. Ukatili gani huu, jamani!

Kinachomkosesha raha hasa ni mama yake, mshonaji mstaafu, ambaye ndiye sauti ya kutangaza treni. Walirekodi siku nzima chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, matangazo arobaini. Tangu hapo mtaa mzima umeshaambiwa. Ijumaa mama amealika wenzake saba waje wamsikie.

"Nitamwambia nini? Atadhani yeye ndiye aliyeharibu. Namjua mama yangu."

Ndiyo maana amezunguka siku tisa akitafuta sababu. Mkuu wa mradi alimwambia ni uzito: stesheni inalemea gemu, simu za watu hazitaliweza. Sawa. Akaipunguza mpaka nusu, akairudisha. Ikakatwa vilevile.

Msimamizi wa majaribio akaja na lake. Watu kumi na mmoja walilijaribu gemu, na tisa kati yao waliingia stesheni wasitoke tena. Walikuwa wakisubiri treni, wakasahau kwamba wanatakiwa kuuokoa mji na mafuriko.

"Kwa hiyo imekatwa kwa sababu ni nzuri?" akauliza.

"Nzuri, ndiyo. Lakini inawapoteza watu."

Akatoka pale kichwa kikimzunguka.

Wa tatu alikuwa fundi wa mwendo, anayewafanya watu wa kwenye gemu watembee. Huyu alicheka kwanza. "Dada, umeweka mabenchi sitini na mawili. Watu wangu hawajui kukaa!"

Kweli bwana. Katika gemu zima wanatembea, wanakimbia, wanaanguka, hakuna anayekaa. Yeye alidhani kukaa kutakuja. Fundi alidhani mabenchi ni pambo. Meza zao zimepakana, wamesalimiana kila asubuhi kwa miezi kumi na minne, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Sasa ni uzito, ni uzuri, au ni mabenchi?" anauliza. "Mkutano wenyewe wa kuikata ulichukua dakika kumi, na mimi sikuitwa."

Saa nane mchana anafuta kipaza sauti cha mwisho, kisha anawasha gemu kuona kama kuna kilichoharibika. Linawaka bila kosa hata moja. Watu wa mjini wanapita zao kama kawaida. Machozi yanamtoka, wala hayafichi.

Anapiga moyo konde, anachukua simu. "Kaa hapahapa," anamwambia mwandishi, "nisije nikakata." Anaweka sauti kubwa.

"Mama, stesheni imetolewa."

"Nilitamka vibaya?"

"Hapana, mama."

"Ile treni ya kumi na saba nilikohoa. Nikasema turudie, ukasema yatosha."

"Si kikohozi, mama. Nimeuliza watu watatu, nimepewa majibu matatu. Kwa kweli sijui."

Mama anashusha pumzi. "Niliwahi kushona gauni nikalimaliza mpaka vifungo. Mwenyewe hakuja kulichukua. Mpaka leo sijui kwa nini."

"Ukalifanyaje?"

"Nikalifumua. Kitambaa kilikuwa kizuri."

Bi Stesheni anacheka huku akifuta mashavu. Jumatatu anaanza duka la mikate, la gemu jingine. Kabla ya kuchora hata kaunta ameshamwendea fundi wa mwendo kumuuliza kama watu wake wanaweza kupanga foleni. Wanaweza. Na muuza mikate bado hana sauti.

"Utakuja tukurekodi tena, mama?"

"Nitakuja. Ila hao saba wa Ijumaa niwaambie nini?"

Mama hamsubiri binti ajibu.

"Basi waje tu," mama anasema. "Treni nitawatangazia mwenyewe."