Halima Aliyelinda Mlango wa Kanisa Letu

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya zamani ambayo kila nikisikia watu wakiimba asubuhi inanirudia kana kwamba ilikuwa juzi. Wakati huo tulikaa Kibera, Kisumu Ndogo, kabla ya kuhamia huku Kawangware. Nilikuwa na nguvu zangu, nywele nyeusi, na Sifuna wangu ndiyo kwanza anaanza shule. Usicheke ukisikia vijana wa boda wananiita shosho. Huku mtaani ukishapata mjukuu mmoja tu, ujana wako umekwisha, hata kama magoti yenyewe bado hayajaambiwa.

Vita vilikuwa vimeanza. Wanajeshi wetu walikuwa wamevuka mpaka kuingia Somalia, na ndugu yangu mdogo, Wekesa, alikuwa mmoja wao. Wekesa nilimbeba mgongoni mimi, kule Bungoma, mama akiwa shambani. Sasa simu yake ilikuwa inapatikana leo, halafu inanyamaza mpaka moyo unakauka. Tulijiambia kwamba vita viko mbali, huko jangwani, na vitabaki huko. Kisha tukasikia kwamba bomu la mkono limerushwa ndani ya kanisa, katika mji mwingine, watu wakiwa katikati ya wimbo.

Jumapili iliyofuata, kanisa letu la mabati lilikuwa nusu tupu. Waliokuja walibanana karibu na mlango, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kutoka. Mzee Obare, ambaye alikuwa soja, yaani mlinzi, kiwandani kabla ya kustaafu, alisimama mbele akiwa ameshika kofia yake.

"Serikali haiwezi kuleta askari katika kila kanisa la Kibera," akasema. "Nani atasimama na mimi mlangoni?"

Niliinua mkono. Usinihesabu kuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani nikitazama simu. Nikaona kwamba kama Wekesa anasimama mahali na bunduki, basi mimi nisimame mahali na mikono yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulivaa vizibao vya kung'aa kama vya watu wa boda, tukafika kabla ya wengine wote, tukachungulia chini ya viti na nyuma ya spika. Kisha watu walipanga foleni nje, tukafungua kila mkoba na kupapasa kila shali, hata nepi za watoto hatukuziacha. Malipo hayakuwepo, wala asante. Watu niliokuwa nachota nao maji bomba moja waliniuliza, "Mama Sifuna, hata mimi hunijui?" Tatizo kubwa likawa moja: wanaume hawakuweza kupapasa akina mama, na akina mama ndio waliojaa kanisani, nami niko peke yangu. Ibada ikawa inaanza foleni bado ndefu, na watu wanasimama nje pamoja, mahali pabaya kabisa pa kusimama.

Kando ya kanisa kulikuwa na duka dogo la madera, leso na viatu vya plastiki. Mwenye duka alikuwa Halima, Msomali wa kwetu Kenya, mzaliwa wa Wajir, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichokuwa kinasikika mpaka barabarani. Binti yake, Fardosa, alisoma chekechea ya kanisa letu. Jumapili ile niliyokutajia, Halima alitazama foleni yangu, akatazama jua, akafunga duka, akaja akasimama upande wangu.

"Nionyeshe unavyofanya," akasema.

"Halima, wewe si wa kanisa hili."

"Na bomu likija litauliza? Ukuta wangu na wenu ni bati moja. Tena nyinyi mkiisha, madera haya nitamuuzia nani?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mtoto wangu anakaa humu ndani kila siku ya wiki, abaayo. Nipe hicho kizibao."

Abaayo kwao ni dada. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine.

Alikuwa na mikono myepesi na maneno matamu. Kila mama alimwambia jambo: leo umependeza, mtoto amepona kikohozi, hilo shali ulilitoa wapi kama si kwangu. Foleni ikaanza kutembea. Lakini si wote waliomfurahia. Mama Otieno, mjane aliyekuwa akiuza omena pale kwenye kona, alikuwa na mtoto mmoja tu, Otieno, naye alikuwa vitani kama Wekesa. Alipofika mbele ya Halima aliukumbatia mkoba wake.

"Mtoto wangu anapigwa risasi huko na watu wa huyu," akasema, watu wote wakisikia. "Halafu yeye ndiye wa kunipapasa mimi?"

Halima aliinamisha uso. Mzee Obare, ambaye tayari alikuwa ndani, alitoka nje, akaenda mwisho kabisa wa foleni kama mgeni, akangoja zamu yake kwenye jua. Alipofika mbele alimpa Halima mfuko wake wa Biblia aufungue. Alifanya hivyo kila Jumapili tangu siku ile. Mama Otieno alikaguliwa na mimi, na Halima akawa anageukia pembeni kila alipomwona anakuja.

Jumapili alasiri tulikuwa na kazi nyingine tuliyojipa wenyewe. Tulitembelea nyumba zenye watu vitani. Mmoja tunamchotea maji, mwingine tunamfulia, mwingine tunakaa naye tu mpaka hofu ipungue. Halima alikuja nasi. Kwa Mama Otieno hakuingia, kwa sababu alijua hakaribishwi. Aligeuza ndoo nje ya mlango, akaketi juu yake, akaosha vyombo vyote vya nyumba ile huku sisi tukiomba ndani. Mama Otieno alisikia sufuria zinavyogongana. Alijua ni nani anayeziosha. Na vyombo aliviacha pale pale nje, Jumapili baada ya Jumapili, vikimngoja.

Mwanangu, hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wawili wanaweza kuwa na jambo kati yao ambalo halina jina.

Kisha ikaja asubuhi ambayo gari la jeshi lilisimama barabarani na watu waliovaa sare zilizopigwa pasi wakashuka kwa miguu kuingia vichochoro vyetu. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilipowaona niliacha kuanika, maana sikujua wanakwenda kwa nani. Waliuliza nyumba ya Mama Otieno. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa shukrani. Halafu nikasikia ukemi wa yule mama, na shukrani ile ikageuka moto kifuani mwangu.

Habari ilipita Kisumu Ndogo nzima kabla chai haijapoa. Otieno alikuwa mchezaji wa timu ya mtaa, kila kijana alimjua kwa jina la Otis. Wakakusanyika, wakalia, na kilio kikageuka hasira, na hasira ikatafuta mahali pa kwenda. Nilikuwa njiani kuelekea matangani nilipowaona wanashuka na mawe na vibuyu vya plastiki vya petroli, wanakwenda upande wa kanisa. Nikajua wanakwenda wapi. Nikakimbia kwa njia ya nyuma, nikamfikia Mzee Obare, na sisi wawili tukasimama mbele ya duka la Halima. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani nilimsikia Fardosa analia, na mama yake anamnyamazisha kwa Kisomali.

"Oya mathe, toka hapo," kijana mmoja akaniambia. Nilimjua, nilishawahi kumpa chakula nyumbani kwangu. "Hatuna ubaya na wewe."

"Kama hamna ubaya na mimi, rudini."

"Wamemmaliza Otis! Unaskia? Wamemmaliza brathe yetu, na hawa wako hapa wanauza!"

"Ndani kuna mtoto," Mzee Obare akasema. "Mtoto wa chekechea."

"Mzee, toka ama tutakuangukia."

Jiwe la kwanza liligonga bati juu ya kichwa changu. Nilifumba macho. Sikuwa na ujasiri wowote, mwanangu, nilikuwa tu nimeshindwa kusogea. Nilipoyafumbua, kelele zilikuwa zimekatika. Vijana walikuwa wanapisha. Mama Otieno alikuwa anakuja katikati yao, miguu mitupu, kitambaa kimemtoka kichwani, wanawake wawili wakimfuata wakijaribu kumshika.

"Nani amelitaja jina la mtoto wangu?" akauliza.

"Mathe, tunamlipizia Otis."

"Amewatuma?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nauliza, kuna yeyote kati yenu aliyetumwa na Otieno? Mtoto wangu alikwenda kulinda watu. Amefia huko. Sasa nyinyi mnataka nikimzika isemwe kwamba kwa ajili yake mtoto mdogo alichomwa ndani ya duka? Yawa, mnataka kumuua mara ya pili?"

Aligeuka, akaketi chini mlangoni mwa duka, mgongo wake kwenye bati.

"Kama mna uchungu, twendeni kwangu mkalie. Kwangu kuna nafasi. Kama ni moto, anzeni na mimi."

Yule kijana niliyemlisha aliweka kibuyu chake chini, akaketi kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Mwingine akamshika bega. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Mlango ulipofunguliwa, Halima alitoka akiwa amembeba Fardosa, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Sikuja kwa ajili yako, Mama Fardosa," Mama Otieno akamwambia. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

"Najua, mama."

"Niletee maji. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Halima alimletea maji kwenye kikombe, akakishika mwenyewe, kwa sababu mikono ya Mama Otieno haikuweza. Nimeona mengi katika maisha yangu. Bado sijaona tena kitu kama kikombe kile cha maji.

Siku zote za matanga Halima alipika chai kwenye sufuria kubwa ya kanisa. Safari hii aliingia ndani ya nyumba. Mama Otieno alipomsindikiza mwanawe kwenda kuzikwa Siaya, hakurudi tena Nairobi. Mume wa Halima, dereva wa lori la masafa marefu, aliporudi akaona mabati yalivyobonyea, alisema basi, wanahama. Sikumlaumu, hata leo simlaumu. Walikuwa na ndugu Isiolo.

Siku ya kuondoka Halima alinishika mikono yote miwili pale nje ya duka tupu. "Abaayo," akasema, "Jumapili utasimama na nani?"

"Nitakungoja wewe," nikamwambia. Tulicheka, kisha tukashindwa kucheka.

Tulipigiana simu mwanzoni. Fardosa amepata shule. Jua la Isiolo ni kali. Baadaye laini ikawa haipatikani, na siku moja mwanamume nisiyemjua akapokea, akasema hamjui Halima yeyote. Nimemtafuta. Nimekwenda Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, mara nyingi, nikatembea kati ya maduka ya nguo nikitazama kila mwanamke mrefu kwa nyuma. Siku moja nilisikia kicheko, nikaita jina lake kwa sauti mpaka watu wakageuka. Hakuwa yeye.

Wekesa alirudi, Mungu asifiwe, mzima wa mwili, ingawa hapendi kelele na siku hizi anafuga ng'ombe Bungoma. Nilipomsimulia habari za Halima akasema, "Dada, nipeleke nimsalimie huyo mama." Sikuwa na pa kumpeleka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, mwanangu: wanaonipenda wote hawakumjua, na aliyenijua siku zile hayupo.

Siku hizi, nikipita makanisa ya hapa Kawangware karibu na stage ya matatu ya 56, naona walinzi wa kuajiriwa wenye vifaa vya kupiga mlio. Ni vizuri. Lakini hawamwambii mtu kwamba mtoto wake amepona kikohozi. Nami nawasikia ninyi vijana mkisomeana kwenye simu maneno juu ya watu wa kabila fulani, dini fulani, upande fulani, watu ambao hamjawahi hata kuwachotea maji.

Basi nisikie. Vita vikija, na vikiwa mbali, usidhani kazi yote iko kwa wenye bunduki. Iko pia hapa, kwenye vichochoro vyetu. Nenda ukajitolee kabla hujaitwa. Simama na jirani ambaye watu wameanza kumtazama vibaya, usimame naye mchana, mbele ya watu. Aliyefiwa usimpangie hasira yake, kaa naye umsikilize. Na yule unayempenda, mwulize anakokwenda, jina la mji na la mtaa, jina la ndugu zake, usitegemee laini ya simu. Mimi sikuuliza.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akujalie majirani wa kusimama upande wako bila kuombwa, akupe mikono isiyoogopa kumgusa mgeni, na kila unayempenda akakae mahali ambapo miguu yako inaweza kufika.