Tungule Si Tunguli

Nilipopata kazi ya upishi kwenye nyumba ya wageni pale Chake, Pemba, meneja aliniambia nitatazamwa miezi mitatu kwanza. Wenzangu wawili, wazaliwa wa Pemba, walitazamwa wiki moja tu. Nikauliza kulikoni. "Nyinyi watu wa bara hatuwajui," akasema kwa upole. Haya bwana. Nikajifunga kanga kiunoni nikaingia jikoni, maana kazi ile niliitaka kweli na Singida sikuwa na pa kurudi.

Siku ya tatu meneja akachungulia mlangoni: "Lete tungule kumi, uzikatekate."

Mimi kwetu nyanya ni nyanya. Tungule sikuwahi kuzisikia. Nilichosikia ni tunguli, vile vibuyu vya waganga, na kwetu ukiaga unakwenda Pemba wanakuombea kwanza, wakiogopa utarogwa. Nikaruka: "Sina tunguli mie, bosi! Nimeokoka!"

Jikoni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilipoonyeshwa nyanya zimejaa kapuni, nikacheka nao, nikaomba radhi. Kosa langu, nalikiri, nilikuja na upuuzi wangu kichwani.

Meneja hakucheka. Tangu hapo chumvi ikizidi, mtu wa bara. Wali ukiungua, mtu wa bara, hata siku niliyokuwa mapumzikoni nimelala zangu! Mwenzangu akija saa nne: "Pole, mambo ya nyumbani." Mimi nikichelewa dakika tano: "Kwani bara hakuna saa?" Wageni wakiuliza nani kapika pweza wa nazi, anajibu, "Jiko letu." Kumbe jiko hujipikia lenyewe!

Miezi mitatu ilipotimia akaniita ofisini, akanipa barua. Sikuthibitishwa, eti sijazoea mazingira. Nikaisoma mara mbili. Kabla sijasema neno simu yake ikaita, mwanawe aliyeko Uingereza, akamweka kwenye spika. Mwanawe alikuwa karibu kulia: kafanya kazi miezi kadhaa, leo wamemtoa, wanasema hajazoea mambo ya kwao.

"Uonevu huo!" meneja akafoka, machozi yanamlenga. "Mtu mchapakazi, kisa mgeni tu! Hawana hata haya!"

Akakata simu, akanitazama, Mungu wangu, akingoja nimpe pole.

Roho iliniuma, lakini kwa mwanawe, si kwake yeye. "Mwambie arudi, Mzee," nikasema huku nikiikunja barua yangu. "Kuna nafasi ya mpishi imepatikana leo."