Fundi wa Lipu wa Ghorofa ya Chini

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, mzee Séraphin na mkewe Lucienne walikunywa chai huku jirani wa chini, fundi wa lipu kutoka Sisilia, akigonga ukuta wao wenye unyevu kwa kifundo cha kidole. Aligonga, akatega sikio asikie lipu ilikoachia, akagonga tena. "Huyu papa anapiga hodi kwa ukuta," Lucienne alimtania, "na ukuta haimuitikii." Fundi alicheka, maana alielewa: Kiswahili alikipata Lubumbashi, Kongo, alikofanya ujenzi ujanani. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la lipu hata Jumapili. Kila alipomaliza kazi alitoa picha ileile iliyokunjika: kanisa la mji wa kwao Sisilia, malaika wa mawe na ngazi pana, lililojengwa baada ya tetemeko la kale kuumaliza mji.

Lucienne alikufa jioni hiyo. Kwenye matanga, mlemle nyumbani, pasta wa kanisa lao alimkumbatia Séraphin, akamwonyesha fundi. "Utajenga tena, papa. Angalia muji ya huyu, ile ya picha." Siku nzima Séraphin alikuwa ameambiwa hayohayo. Akamtazama fundi kwa uchungu, akisubiri picha itoke mfukoni. Haikutoka. Fundi aliweka kiganja ukutani, hakugonga, akasema:

"Bon, pasta, usimudanganye papa. Ile muji hatukuijenga tena. Tulijenga ingine, mbali, tukaipa jina ya ile ilikufa."