Mkono wa Ndani, Mkono wa Nje

Wakesho alikuwa amepiga magoti akizungusha gurudumu la mfinyanzi, mama yake alipotoka nyuma ya ngozi iliyotundikwa katikati ya kibanda na kutumbukiza mkono ndani ya mtungi. Uso wake ukawa shubiri moja tu na uso wa mkwewe, Fanuel, mume wa Wakesho. Gurudumu likasimama. 

Tangu Fanuel alipoleta posa, hakuna aliyewahi kuwaona wawili hao mahali pamoja, sembuse kutazamana. Mkamburi, mama yake Wakesho, akitokea njiani, mkwewe alijitosa migombani. Fanuel akikohoa mlangoni, Mkamburi alipitia uani. Ndivyo mkwe alivyoheshimiwa kijijini Ronge, na nyumba ile haikuwahi kusemwa kwa kukosa adabu.

Mengi yamezungumzwa baadaye kuhusu asubuhi hiyo, zaidi na watu ambao hawakuwapo. Yaliyotukia ni haya.

Mkamburi alikuwa mfinyanzi, kama mama yake na nyanya yake. Mitungi yake mikubwa, ile inayomfika mtu mzima kiunoni, ilihifadhi maji katika nyumba nyingi za milimani. Lakini miaka hiyo, kabla ya vita vya Wajerumani, viungo vya vidole vilimkakamaa hata kukamua nguo akashindwa. Wakesho, binti yake wa pekee, alijaribu kuishika kazi. Kila alichofinyanga kilipasuka motoni. Wanawake wakasema ana mikono ya moto, na mfinyanzi akishaambiwa hivyo, hakuna anayemwachia udongo tena.

Akabaki Fanuel. Watu waliposikia, walishika vichwa: mwanamume kushika udongo! Lakini Fanuel alikuwa amefanya kazi Voi, akajifunza kidogo kwa Mhindi mmoja aliyefinyanga kwa gurudumu. Mhindi huyo aliporudi kwao, gurudumu lilibaki nyuma ya duka la Miraj, palepale Voi, na Fanuel akalipandisha Ronge kwa punda. Bakuli na vyungu vya mboga alivitengeneza vizuri. Mtungi mkubwa ndio uliomshinda. Kila ukifika kimo cha kifua cha mtoto, ukuta uliyumba kama mlevi, ukalala chini.

"Atafundishwa na nani?" Mkamburi alimwuliza binti yake. "Wewe hujui, na mimi haiwezekani anione."

"Na kumsikia, mama, nako kumekatazwa?"

Mkamburi alitazama huku na huku. Kisha akasema, "Iko wapi ile ngozi ya fahali?"

Wakaitundika katikati ya kibanda. Upande huu Fanuel alijenga mtungi, msokoto juu ya msokoto wa udongo, kila mmoja mnene kama kifundo cha mkono, Wakesho akimzungushia gurudumu. Mkono mmoja wa Fanuel uliushika ukuta kwa ndani na jiwe laini la mtoni. Mwingine ulipiga kwa nje na kibao. Upande wa pili Mkamburi aliketi kwenye kigoda akisikiliza mlio wa kibao. Mlio ulimwambia pazito, pepesi na penye maji mengi.

"Mwambie huyo mtu wako anapiga udongo kama anafukuza nyani shambani."

Fanuel alisikia kila neno, lakini alingoja kwa adabu.

"Mama anasema unafukuza nyani," Wakesho akamfikishia.

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Angekuwa amesikia, mbona nyani bado wanakimbia?"

Wakesho alicheka mpaka gurudumu likapoteza mwendo.

Hivyo ndivyo Fanuel alivyojifunza kuuacha upande wa chini ukauke kidogo kabla ya kuuongezea, na kuning'iniza kigae cha makaa ndani ya mtungi ili ukuta ushike. Asubuhi ile mtungi wake ulikuwa umefika kiunoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaufunga bega wakati mlio ulipobadilika. Wakesho hakusikia tofauti. Mama yake alisikia.

"Makaa!" Mkamburi akaita. "Ukuta unalegea!"

Ulikuwa umekwisha kulegea. Fanuel alitupa kibao akaukumbatia mtungi kwa nje, lakini bega lilikuwa linabonyea ndani, na mikono yake miwili haikuweza kulifika. "Mkono wa ndani!" alilia. "Nani ataushika ndani?"

Ndipo ngozi iliposukumwa.

Fanuel alifumba macho. Mkamburi aligeuza uso ukutani. Lakini walikuwa wameshaonana, na hakuna aliyeweza kuachia, maana mmoja akiachia, mtungi wote ungeanguka.

"Wewe mtoto, makaa!" Mkamburi alifoka.

Wakesho alikimbilia mekoni. Akateremsha kigae cha makaa kwa kamba, kiganja cha mama yake kikiwa ndani, cha mume wake nje. Wakasimama hivyo mpaka udongo ukashika. Na hivyo ndivyo Risper, jirani aliyekuja kuomba moto, alivyowakuta. Kigae chake kilimponyoka.

"Wamekumbatiana!" alipiga ukelele akiteremka mlima. "Mtu na mkwewe wamekumbatiana!"

Jua halijatua, Elijah akafika. Elijah alikuwa ndugu yake Mkamburi, na tangu baba yake Wakesho afariki yeye ndiye aliyeisimamia ndoa hiyo. Fanuel na Mkamburi walijificha, kila mmoja nyumba yake. Wakesho akasimama peke yake mbele ya mjomba wake. Alijua jambo lilivyo: mkwe akionana na mkwe, mbuzi anatosha kusafisha. Wakigusana, mke anarudishwa kwao.

"Waligusana?"

"Hapana, mjomba. Udongo ulikuwa katikati."

"Risper anasema walikumbatiana."

"Waliukumbatia mtungi."

"Udongo mbichi ni kama ugali wa moto, mwanangu. Vidole hupita."

Sauti ya Fanuel ikatoka nyumba ya pili. "Mjomba, sisi tumebatizwa!"

"Nami nilibatizwa kabla yako!" Elijah akamjibu. "Maji yale hayakukupa mama mkwe mwingine!" Kisha akatoa hukumu. Mtungi ukaushwe, uchomwe, ujazwe maji. "Maji yakipita pale waliposhika, vidole vilipita. Mpaka siku hiyo Wakesho atalala kwangu."

Wakesho alikwenda kama aliyepigwa rungu. Ndoa yake sasa ilikuwa mikononi mwa moto, na moto haukuwahi kumhurumia. Siku moja alimwuliza mama yake kwa siri, "Ulivigusa vidole vyake?"

Mkamburi alitazama viganja vyake. "Nilisikia joto lake tu."

"Kupitia udongo?" Wakesho aliduwaa. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi hicho!

Siku ya kuchoma, hakuthubutu kugusa hata ukuni. Watu walijaa, Risper mbele yao. Mtungi ulitoka mwekundu, mzima, na bega lake lilibeba alama ya kiganja kipana. Wakesho akaamriwa amimine maji mwenyewe. Yakapanda hadi begani. Elijah akapitisha mkono juu ya ile alama, akautazama, akauinua watu wauone.

Ulikuwa umelowa.

Kelele ziliinuka. 

"Kaka!" Mkamburi akaita kutoka nyuma ya ngozi, ambayo sasa ilitundikwa uani. "Gusa na kwingine! Au wewe nyumbani unakunywa maji ya debe?"

Elijah akagusa tumbo la mtungi, akagusa upande wa pili, chini, shingoni. Kila mahali mkono ulilowa sawasawa, unyevunyevu wa mtungi mpya unaoanza kupoza maji. Alikaa, akauangalia muda mrefu. Hakuna tone lililodondoka.

"Unatoa jasho," alisema mwishowe, kana kwamba yeye ndiye aliyeshtakiwa. "Jasho tu. Fanuel atatoa mbuzi kwa kuonana. Wakesho, nenda nyumbani kwako."

Mtungi huo upo mpaka leo. Anayebisha aje atie mkono: ndani kiganja cha mwanamke, nje cha mwanamume, na katikati udongo. Ni mwembamba, lakini upo.

Siku ile Wakesho hakusubiri watu waondoke. Alichota maji kwa kata, akampelekea Risper kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Kunywa, mwenzangu," alisema. "Kisha uteremke mlima na hili nalo, kwa sauti ile ile."