Chumba cha Vita vya Udongo

Enzi zetu pale Masakta, chini ya Mlima Hanang, hakuna mzazi aliyeingia dukani kumnunulia mtoto kitu cha kuchezea. Tulijitengenezea. Ukitaka ng'ombe, ulishuka mtoni kuchimba udongo wa mfinyanzi. Ukitaka askari, ulisubiri mahindi yapukuchuliwe upate magunzi, ukayakata vipande vya urefu wa kidole. Mikuki ilikuwa miiba ya mgunga, na ngao zilikuwa mbegu za maboga. Nani katika rika langu hakumbuki udongo ule ulivyokauka na kupasukia vidoleni tukiwa tumeketi darasani, mpaka mwalimu anatuuliza kama tumefukuliwa kaburini?

Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu mimi, mwalimu mstaafu mwenye mvi na goti linalolalamika baridi ya Mbulu ikizidi, nimetenga chumba kizima nyumbani kwangu kwa ajili ya kuchezea vita. Ndiyo, umesoma vizuri. Kilikuwa chumba cha wanangu, na tangu walipoondoka kwenda kujitafutia maisha, mke wangu Martina alikuwa amekipigia hesabu ya kuweka magunia ya mahindi na mbaazi. Mjukuu wetu Neema, anayesoma sekondari hapa mjini, ndiye aliyeniponza. Siku moja alinionyesha kwenye simu yake wazee wa nchi za mbali, watu wazima wenye ndevu na vitambi, wameizunguka meza kubwa wanapigana vita vya visanamu. Vijiaskari vya urefu wa kidole, vimepakwa rangi mpaka vifungo vya koti, na mtu ana chumba maalumu cha mchezo huo na ufunguo wake.

"Babu, ona hawa wazee wanacheza kama watoto," Neema alisema huku anacheka.

Mimi sikucheka. Niliitazama ile meza nikasema, huo mchezo ni wetu.

Basi nikaanza. Fundi seremala alinitengenezea meza pana ya plaiwudi, imara kiasi kwamba ungeweza kuchinjia ng'ombe. Mlima Hanang niliujenga kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, nikaupaka udongo, nikaupanda majani kwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Godoro kuukuu la mwanangu wa pili nililikatakata likawa vichaka. Ua wa kila boma niliuzungushia vijiti vya kiberiti, kazi iliyonichukua siku tatu na miwani mbili. Ng'ombe niliwafinyanga mwenyewe na kuwachoma kwenye jiko la mkaa, na nusu yao walipasuka, maana mikono ilikuwa imesahau. Martina alikuwa akipita mlangoni na ungo wake, anasimama, anatazama.

"Mwalimu," akaniambia siku moja, "wenzako wanajenga stoo. Wewe umejenga wilaya."

Alinitania hivyo wiki nzima, na mimi nilimwachia acheke. Sikumwambia jambo lililokuwa moyoni, kwamba meza ya vita ina pande mbili, na mtu niliyetaka akae upande wa pili hatukuwa tumesemezana kwa zaidi ya miaka hamsini.

Jina lake ni Gwandu. Kwao walikuwa wafugaji wa uwandani, chini ya mashamba yetu, na sisi tulikuwa wakulima wenye ng'ombe wachache wa maziwa. Tulikutana malishoni, kila mmoja akiwa nyuma ya ndama wa kwao. Yeye alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando yenye harufu ya mkaa wa kusafishia kibuyu, mimi nikaja na viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Tulibadilishana siku ya kwanza, na tangu hapo sikuwahi kula kiazi changu mwenyewe.

Chumba chetu cha kwanza cha vita kilikuwa kibanda cha ndama ambacho mama alikiacha baada ya kujengewa kingine karibu na jiko. Tulikifagia kwa matawi, tukasiliba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu mpaka ikawa laini kama mkeka. Tukachora mto kwa majivu meupe, tukainua vilima, tukajenga boma lake upande mmoja na langu upande mwingine. Kila Jumamosi baada ya kuteka maji tulijifungia humo. Baba alikuwa akipiga kelele kutoka shambani, "Nyie mnapigania ng'ombe wa udongo, na ndama wenyewe wako kwenye maharage ya watu!" Tulitoka mbio, tukawafukuza ndama, tukarudi vitani.

Vita vyetu vilikuwa na sheria, tena kali. Tulikuwa na punje tano za mahindi tulizozichoma upande mmoja. Ulizirusha, na punje zilizolala na weusi juu ndizo hatua za askari wako. Ukifika kwenye boma la mwenzako, unaswaga ng'ombe. Leo mtoto akiuawa kwenye simu anabonyeza kidude anafufuka, tena anafufuka na bunduki kubwa zaidi. Sisi ukipoteza ng'ombe umempoteza, na ulikwenda naye kanisani Jumapili moyoni, ukiimba na huku unamlilia.

Lakini sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote ilitoka kwao Gwandu. Nyumbani kwao ng'ombe hawakuhesabiwa kwa namba. Kumtajia mtu idadi ya ng'ombe ilikuwa kama kuwaitia maradhi. Baba yake alisimama mlangoni mwa boma jioni, akawatazama wakiingia, na alijua nani hayupo kwa sura na rangi. Kwa hiyo mwisho wa vita vyetu kila mtu aliwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akiwaingiza bomani. Ukimsahau mmoja jina, huyo si wako tena, anakwenda kwa mwenzako. Mimi nilisahau kila Jumamosi. Gwandu hakusahau hata mara moja. Aliwaita kwa lugha yao, yule mwenye paji jeupe, yule wa rangi ya majivu, yule ambaye pembe moja imeinama kana kwamba inasikiliza, na sauti yake ilikuwa ya baba yake kabisa.

Sasa niseme kosa langu. Nilikuwa darasa la tatu, nimeshika namba ya kwanza kwenye hesabu, na kichwa kilikuwa kimevimba. Gwandu hakuwa anasoma. Jumamosi hiyo aliwaita ng'ombe wake, akafika katikati, akanyamaza kidogo. Mimi sikuwa na subira. Nilinyoosha kidole nikaanza kwa sauti ya darasani, moja, mbili, tatu, mpaka nikafika kumi na moja. Niliwahesabu wote. Nilidhani nimefanya jambo la maana.

Gwandu alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Aliwakumba ng'ombe wake wote kwenye shuka, wengine wakivunjika miguu, akatoka, akateremka uwandani bila kugeuka.

Kiangazi hicho maradhi yaliingia kwenye mifugo. Ng'ombe wa baba yake walikufa, sikumbuki wangapi, na hata ningekumbuka nisingeandika. Kabla ya mvua familia yao ilihama kwenda mbali, upande wa pili wa mlima. Mimi nilikiacha kile kibanda, kuku wakakichukua. Sikumwambia mama wala padri. Nilikua nikijua kwamba niliwaua ng'ombe wa watu kwa mdomo wangu, na hata nilipokuwa mwalimu, nikifundisha hesabu, nikijua vizuri ndorobo na kupe hufanya nini, bado nilijua hivyo. Akili ilikataa, tumbo likakubali.

Mara moja tu nilimwona, tukiwa watu wazima, kwenye mnada wa mifugo. Nilimtambua kwa urefu wake na namna ya kuegemea fimbo. Nikageuka haraka nikajifanya ninachagua vitunguu, na vitunguu vyenyewe Martina alikuwa ameshanunua.

Meza ilipokamilika niliitafuta namba yake kwa mtu anayeuza mbuzi upande ule. Kumpigia ilinichukua siku nne. Alipopokea nilijitaja jina, nikasikia kengele za ng'ombe nyuma yake.

"Nina chumba hapa nyumbani Mbulu," nikasema. "Cha vita. Kama zamani."

"Cha vita?"

"Cha udongo."

"Alhamisi nitapanda basi," akasema, akakata.

Sikujua anakuja kucheza au kunidai maneno ya miaka hamsini. Nilisafisha meza mara mbili. Martina aliponiona nimevaa koti la Pasaka akaacha kunitania, akakaa karibu yangu, na hapo ndipo nilipomweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ukimwona, usianze na mchezo. Anza na hilo."

Alifika mchana, mzee mrefu mwenye katambuga miguuni, shuka begani na kidumu cha maziwa mkononi. Neema alimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akamuuliza habari za shule kana kwamba amemlea. Mimi na yeye tulishikana mikono muda mrefu. Nilitaka kuanza na hilo, kama nilivyoagizwa, lakini nikamfungulia mlango wa chumba.

Alisimama akaitazama meza kwa utulivu, akaizunguka, akainama mbele ya mlima, akagusa vijiti vya kiberiti.

"Mlima umekaa vizuri," akasema. "Lakini ng'ombe hawa wanakunywa wapi?"

Nilitazama. Nilikuwa nimejenga mlima, barabara, kanisa lenye msalaba na hata mnara wa simu, nikasahau maji. Alicheka hadi akakaa, na mimi nikacheka, na kicheko kilipoisha nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Gwandu, niliwahesabu ng'ombe wako. Baadaye wa baba yako wakafa. Nimeishi na jambo hilo. Nisamehe."

Alinitazama kama haelewi, halafu akaelewa.

"Mwaka ule ng'ombe waliugua kila mahali. Wa kwenu hawakuugua?"

"Waliugua."

"Hao aliwahesabu nani?"

Akaokota ng'ombe mmoja mezani, akampulizia vumbi.

"Mimi sikuondoka kwa sababu ya namba," akasema polepole. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimesahau. Jina la ng'ombe mmoja lilinitoka kabisa. Mimi, mtoto wa baba yangu! Wewe ulipohesabu nikapata sababu ya kukasirika, nikatoka kabla hujajua. Kule mnadani nilikuona. Nikaona umegeuka, nikasema, kumbe alijua, bado ananicheka. Nikajiingiza katikati ya ng'ombe."

Kwa hiyo tulikuwa wawili kwenye mnada ule, watu wazima wenye watoto, mmoja amejificha kwenye vitunguu na mwenzake kwenye mkia wa ng'ombe. Nilitaka kucheka tena, haikuwezekana. Yeye pia hakucheka. Alimweka ng'ombe chini, tukawagawana na kuwapa majina ya wale wa zamani, akaniomba punje. Tulicheza hadi Martina akatuita kula, tukala, tukarudi kumaliza. Jioni tuliwaita ng'ombe, na kila mmoja alisahau wengi mno, tukashindwa kujua nani ameshinda. Kesho yake nilimsindikiza kituoni, akapanda basi. Amesema mwezi ujao atarudi, mradi nimechimba bwawa.

Hawa watoto wa leo nimewasema sana, na nitaendelea kuwasema. Hawajui kufinyanga, hawajui kuteka maji, wanashika simu kama mtu anayeshikilia ukingo wa mtumbwi. Lakini wiki hiyohiyo Neema aligombana na rafiki yake kwa ujumbe mmoja wa simu. Asubuhi alimbloki, akalia, akakataa uji. Mchana alimuuliza, kwa nini uliniandikia vile? Jioni walikuwa sebuleni kwangu wanacheka. Zamani ningesema urafiki wao ni mwepesi. Safari hii nilinyamaza, maana sisi wa enzi zile nzuri, tuliosiliba sakafu na kunywa maziwa ya kibuyu kimoja, hatukuwahi kuulizana swali moja dogo kama hilo.

Watu wa rika langu hupenda kuulilia utoto. Mimi wangu siulilii, niliucheza mpaka ukaisha. Basi la Gwandu lilipoondoka nilirudi nyumbani, nikaingia kwenye kile chumba, nikafunga mlango nikalia kweli. Niliililia ile miaka ya katikati, tulipokuwa na nguvu na magoti mazima, kila mmoja upande wake wa mlima, Jumamosi baada ya Jumamosi.