Turbo Mbili na Maji ya Mama Mkwe

Fedheha yenyewe naisimulia mimi, kwa mdomo wangu, maana hapa Masasi mpaka Newala imeshasimuliwa na watu ambao siku ile hawakuwepo, na kila mmoja ameiongezea chumvi, ingawa mimi niliyekuwepo naona haikuhitaji hata punje.

Mimi ni muuza maji. Nina lori la dizeli lenye pua ndefu na tela lenye tenki, nachota bondeni napandisha uwanda wa juu, ambako kiangazi maji husubiriwa kuliko mgeni. Adui yangu ni mlima ulio katikati. Tela likijaa, lori lilikuwa linapanda huku linatweta kama mzee wa pumu, ikanibidi nijaze nusu na kwenda mara mbili, na kwenda mara mbili ni kitu ambacho roho yangu haijawahi kukikubali.

Lori lilikuwa na turbo yake moja, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa. Nikapata turbo nyingine, kubwa, kwenye lori bovu lililokuwa linakatwa skrepa, nikabishana bei na mwenye lori mpaka akaniachia kwa kuchoka. Fundi wangu Bakari akaziunganisha zifuatane: ile kubwa inavuta hewa ya nje, inaishindilia, inaikabidhi ile ndogo, nayo inaishindilia tena. Vibano vya mabomba nilivihesabu mwenyewe, nikavirudia kuvihesabu, vyote vilikuwepo. Tukakwama kwenye kibomba kimoja tu, cha kurudisha oili kutoka turbo kubwa kwenda chini kwenye injini.

"Hiki kiwe kinene, Baba Zuhura," Bakari akasema. "Oili inapanda kwa kusukumwa na pampu, lakini kushuka inashuka yenyewe."

Mimi nilikuwa na kibomba chembamba kwenye boksi langu, cha bure. "Kama chembamba kinatosha kupandisha," nikamwambia, "kitashindwaje kushusha?"

"Gari lako," akasema, akakifunga.

Nikalijaribu bila mzigo kuzunguka mji, likawa linapiga mluzi mzuri, nikajiona nimewashinda mafundi wote (muniache nicheke kidogo, maana baada ya hapa hapachekeshi sana).

Wiki hiyohiyo mama mkwe akafariki, kwao Chilangala, kulekule juu ya mlima. Mke wangu alitangulia. Kwetu mkwe hujulikana msibani, na mimi kwa kazi yangu fungu langu lilikuwa wazi: maji ya kumwoshea marehemu na ya kupikia watu. Shemeji akanipigia simu asubuhi, akasema wanataka kukodi boza la maji la Newala, kijijini visima vimekauka, na mazishi ni baada ya adhuhuri.

"Msikodi," nikamwambia. "Naleta tela zima, safari moja."

Pembeni yangu alikaa mjomba wa mke wangu, kaka wa marehemu, amepakata mfuko wenye sanda, pamba na ubani alivyonunua Masasi. Tulipouanza mlima aliangalia vioo na kuniuliza, "Mkwe, huo moshi mweupe ni wetu?"

Ulikuwa wetu. Oili iliyoshindwa kushuka kwenye kile kibomba ilikuwa imejaa ndani ya turbo na kupenya kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli ikinyweshwa oili haiulizi imetoka wapi, inaichoma tu. Nikatoa mguu kwenye mafuta, injini ikazidi kunguruma. Nikavuta handibreki, nikatoa gia (kosa jingine, maana hapo ilibaki haina cha kuishika), nikazima ufunguo, nikauchomoa kabisa. Ikapanda sauti.

Basi la abiria lilishasimama nyuma, watu wameshuka kutazama. Konda wake akasema, "Ufunguo mkononi na gari linanguruma. Mzee, hilo unaliendesha wewe au linakuendesha?" Wakacheka. Abiria mmoja akapiga kelele niizibe pumzi, niizibe pumzi kabla haijapasuka. Nikafungua boneti, nikaling'oa bomba la hewa, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusema, "Nipe kitambaa, chochote."

Mjomba akanipa alichokuwa nacho. Nimewaza sana tangu siku ile, na naamini hakuelewa, aliniamini tu. Niliikunja, nikaibandika kwenye mdomo wa turbo, turbo ikavuta pembe, ikachana, ikameza mpaka ikakabwa. Injini ikakohoa na kufa. Nikabaki nimeshika kipande cha sanda ya mama mkwe, cheusi kwa oili.

Mjomba alipanda lile basi. Mimi nikatia mawe kwenye magurudumu, nikajaza madumu mawili kutoka kwenye tenki, nikasubiri mpaka ikapita bodaboda, nikaikodi.

Nilifika watu wanarudi makaburini. Kila nyumba ilikuwa imetoa ndoo, maji waliyoyabakiza ya kunywa. Sanda aliitoa Bi Siwema, jirani, bibi mkongwe aliyekuwa ameiweka sandukuni kwa ajili yake mwenyewe. Mke wangu aliyatazama madumu yangu mawili, akasema, "Yaweke jikoni, Baba Zuhura."

Turbo kubwa niliitoa. Nikapeleka maji Chilangala nyumba kwa nyumba, kulipa zile ndoo, nusu tela kwa nusu tela, wakayakataa. "Maji ya maiti hayarudishwi," wakaniambia, nikageuza lori na maji yangu.

Sanda nilinunua nyingine bila kuomba nipunguziwe, nikampelekea Bi Siwema. Aliipapasa taratibu, akapima upana wake kwa mkono.

"Na siku yangu, mkwe wetu, maji ataleta nani?"

"Nitaleta mimi, bibi. Nusu tela, safari mbili. Nitatoka alfajiri."

"Toka siku moja kabla," akasema, akaifungia sandukuni.